Kirai Nomino, Kiunganishi na Kishazi cha Nafsi ya Kwanza katika Kiingereza cha Kila Siku: Funzo kwa Tafsiri na Ukalimani wa Kiswahili

Ikisiri

Katika Kiingereza cha mazungumzo, kirai nomino kisicho na kitenzi huweza kuungwa moja kwa moja na kishazi cha nafsi ya kwanza, kama katika "One more word and I'm leaving". Makala haya yanaeleza jinsi viunganishi "and", "or", "but" na "because" vinavyofanya kazi hiyo. Yanaonesha kwamba ugumu wa kuihamishia miundo hii katika Kiswahili hautokani hasa na kiunganishi, bali na kitenzi kilichoachwa: Kiingereza humficha mtenda, ilhali kitenzi cha Kiswahili humdai. Yanapendekeza njia tatu za kuuhifadhi utata huo pale ambapo mfasiri au mkalimani hana mamlaka ya kuuondoa.

1. Utangulizi

Sarufi nyingi za shule hufundisha kwamba kiunganishi ambatanishi huunganisha vipashio vya hadhi moja: nomino kwa nomino, kishazi kwa kishazi. Kanuni hiyo yatosha kwa "chai na mkate". Haitoshi kwa sentensi hii:

(1) One more word and I'm leaving.

Kabla ya kiunganishi pana kirai nomino tu; baada yake pana kishazi kamili chenye kiima, kitenzi na njeo. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiingereza haoni kasoro yoyote. Huielewa mara moja kuwa ni sharti: neno jingine likisemwa, msemaji ataondoka.

Muundo huu ulijadiliwa na mwanaisimu Peter Culicover mwaka 1970 katika makala fupi iliyochapishwa na jarida la Linguistic Inquiry, yenye kichwa "One More Can of Beer". Mwaka 1997, yeye na Ray Jackendoff walilirejea suala hilo kwa upana zaidi na kutetea hoja kwamba "and" ya aina hii ni ya uambatani kisintaksia, lakini kimaana hubeba utegemezi.

Suala hili si la wanaisimu pekee. Nchini Kenya, lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, ilhali mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Rwanda ilikiingiza Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2017. Kwa hiyo, maneno yaliyotamkwa au kuandikwa kwa lugha moja hupimwa mara nyingi kwa lugha nyingine, na sentensi kama (1) ndiyo sura ya kawaida ya kitisho, onyo na ahadi.

2. Viunganishi vinne, kazi tofauti

2.1 "And": tukio likitokea

Katika (1), nomino "word" haisimamii kitu bali tukio linalohusu kitu hicho. Kitenzi hakikutajwa, msikilizaji hukijaza kutokana na muktadha. Ndiyo maana kirai hicho kwa kawaida huwa na kiashiria cha nyongeza, kama vile "one more" au "another": nyongeza hudokeza kwamba tukio la aina hiyo limekwisha kutokea na sasa linafikia kikomo.

Jaribio rahisi huonesha kwamba hapa hatuna kishazi cha sharti cha kawaida. Kishazi chenye "if" huweza kutangulia au kufuata: "If you say one more word, I'm leaving" au "I'm leaving if you say one more word". Sentensi (1) haigeuziki. Ukisema "I'm leaving and one more word", maana ya sharti hutoweka. Mpangilio wenyewe ndio unaobeba uhusiano wa chanzo na tokeo.

2.2 "Or": tukio lisipotokea

(2) The keys or I call the police.

Hapa nomino hutaja kinachodaiwa, na kishazi hutaja kitakachofuata iwapo dai halitatimizwa. Kwa hiyo "and" na "or" ni pande mbili za sharti moja: cha kwanza husema "likitokea hili, nitafanya lile", cha pili husema "lisipotokea hili, nitafanya lile".

2.3 "But" na "because"

Viunganishi hivi viwili havina utata mkubwa. Katika "Nice house, but I can't afford it", kirai nomino ni kauli kamili iliyodondoshewa kiima na kitenzi cha kuwa; hakuna sharti. Katika "I'm late because traffic", kishazi cha nafsi ya kwanza hutangulia na nomino tupu hufuata bila "of". Matumizi haya ya kimzaha yalivuma kiasi kwamba American Dialect Society ilichagua "because" kuwa neno la mwaka 2013. Kiswahili huyapokea yote mawili bila shida ya maana: "Nyumba ni nzuri, lakini siimudu"; "Nimechelewa kwa sababu ya foleni". Kinachopotea katika mfano wa pili ni mzaha tu.

3. Nafasi ya nafsi ya kwanza

Muundo wenye "and" haukatai nafsi nyingine. Dhoruba moja zaidi yaweza kuelezwa kuwa itaangusha paa. Lakini nafsi ya kwanza huubadilisha utabiri kuwa ahadi au kitisho, kwa kuwa msemaji hutaja tendo lililo katika uwezo wake mwenyewe. Njeo husaidia: "I'm leaving" huonesha uamuzi uliokwisha kufanywa.

Hata hivyo, nafsi ya kwanza katika kishazi haituambii ni nani mtenda wa tukio lililofichwa katika nomino. Tazama mfano huu:

(3) One more phone call and I'm going to the police.

Sentensi hii ina angalau fasiri tatu. Yaweza kuwa onyo kwa msikilizaji: ukinipigia simu tena, nitakushtaki. Yaweza kuwa malalamiko kuhusu mtu mwingine: akinipigia tena, nitamshtaki. Yaweza pia kuwa mpango wa msemaji mwenyewe: nikishapiga simu moja iliyobaki, nitakwenda polisi. Fasiri ya kwanza ni kitisho. Ya tatu ni ratiba tu.

4. Kiswahili na mtenda anayedaiwa

Tafsiri ya neno kwa neno, "Simu moja zaidi na naenda polisi", hugonga mwamba. "Na" ya Kiswahili kimsingi huunganisha nomino, au kitenzi na kitenzi-jina, kama katika "alikula na kunywa". Ikifuatwa na kitenzi chenye kiambishi cha nafsi, sentensi husikika kama imekatika.

Kiswahili fasaha hutumia kiambishi "-ki-", na papo hapo mfasiri hukutana na mtihani. Hakuna "-ki-" bila kiambishi cha kiima. Ni lazima achague: "ukipiga", "akipiga", "wakipiga" au "nikipiga". Kile ambacho Kiingereza kilikiacha wazi, sarufi ya Kiswahili hukifunga. Mkalimani anayesema "ukinipigia" amekwisha kumweka mshtakiwa katika sentensi ambayo haikumtaja.

Kwa upande mwingine, "-ki-" ina faida ambayo "iwapo" na "ikiwa" hazina. "Nikifika nitakujulisha" yaweza kuwa sharti au wakati. Kwa hiyo "-ki-" huhifadhi utata wa "and" kati ya sharti na mfuatano wa matukio. "Iwapo" huufuta kwa kuchagua sharti, na "baada ya" huufuta kwa kuchagua wakati.

Mfano wa (2) una mtego wake. "Funguo au niite polisi" husikika kama msemaji anatoa hiari au anauliza ushauri, kwa sababu ya dhamira tegemezi "niite". Nguvu ya dai hurejeshwa na "la sivyo": "Funguo, la sivyo naita polisi". Tukiongeza "lete" au "leteni", tumeamua pia idadi ya wanaoambiwa.

Wakati uliopita usiotimia hudai alama pande zote mbili. "Another minute and I'd have missed the bus" huwa "Ingalipita dakika moja zaidi, ningaliachwa na basi". Kiima cha kishazi cha kwanza ni dakika yenyewe, na hilo linatuonesha njia ya kutokea.

5. Mapendekezo

Kwanza, pale ambapo muktadha haumtaji mtenda, nomino ifanywe kiima na kitenzi kiwe katika kauli ya kutendwa: "Ikipigwa simu moja zaidi, naenda polisi". Fasiri ya mpango hudhoofika kidogo, lakini hakuna anayetuhumiwa na sarufi.

Pili, mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili huruhusu kirai na kishazi kuwekwa sambamba bila kiunganishi: "Simu moja tu zaidi, naenda polisi". Muundo huu ndio ulio karibu zaidi na Kiingereza, na usiepukwe kwa kudhaniwa kuwa si sanifu pale unapobeba kauli ya shahidi.

Tatu, mkalimani akilazimika kumtaja mtenda, autaje utata huo na kuomba ufafanuzi kabla ya kauli kuingia katika kumbukumbu.

6. Hitimisho

Kiunganishi kidogo cha Kiingereza huweza kusimama mahali pa kishazi kizima cha sharti kwa sababu msikilizaji hukubali kuijazia nomino kitenzi na mtenda. Kiswahili hugawa kazi hiyo kwa namna nyingine: humtaka msemaji ajaze mwenyewe. Tofauti hiyo yafaa iingizwe katika miongozo ya wakalimani wa mahakama, katika mitaala ya tafsiri, na katika majaribio ya programu za kutafsiri, ili isiachwe kuamuliwa na mazoea. Anayetunga miongozo hiyo na ajiulize swali moja kwa kila sentensi ya aina hii: je, mtenda tuliyemwandika alitajwa na msemaji, au tumemleta sisi?