Pori la Kahuzi-Biega na wenyeji wake

Pori la Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, lina majina ya milima miwili: Kahuzi (mita 3,308) na Biega. Lilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1970, likapanuliwa 1975, na mwaka 1980 UNESCO ililitia katika urithi wa dunia. Humo wamo gorila wa Grauer, wanaopatikana Kongo peke yake.

Lakini Watwa walioishi humo walifukuzwa bila fidia. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: haki zao zilivunjwa.

Sisi tuliokimbia vita tunajua uchungu wa kukosa kwetu. Viongozi, tunapokutana juu ya kuni na makala, Watwa nao waitwe kikaoni.