Katuni Inapokosea Kiswahili Chetu

Mtoto wa Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, akiitazama The Lion Guard, katuni ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 2016 hadi 2019, atasikia lugha ya nyumbani kwao ikisemwa kigeni. Mashujaa wake hurudia “hevi kabisa”. “Kabisa” ni letu; “hevi” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Fisi mmoja anaitwa Chungu, neno linalompeleka mtoto jikoni. Fisi mwingine, wa filamu mama ya 1994, anaitwa Shenzi, tusi ambalo wazazi tunalikataza.

Hadithi nayo ina pengo. Kion, shujaa wa katuni hii, ni mwana wa Simba na ndugu wa Kiara. Lakini filamu ya 1998 inayomhusu Kiara haimtaji kabisa.

Hatusemi runinga izimwe. Kosa la ukoo mtoto ataligundua mwenyewe. Kosa la lugha huenda akalibeba hadi shuleni akidhani ndiyo fasaha. Basi mzazi aketi karibu, amwulize: “Sisi hapa tungesemaje, mwanangu?” Jibu lake litakuwa somo la jioni hiyo.