Magofu ya Wenzetu na Mahame Yetu

Mpe mwanafunzi wa Rongai karatasi na penseli, umwambie achore mandhari. Aghalabu atakuletea mlima wenye theluji, nyumba yenye dohani na msonobari ubavuni. Walimu wa sanaa wanaujua mchoro huo kama wanavyoujua mwandiko wao.

Tabia hiyo ni kongwe. Wachoraji wa Flanders, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo Ubelgiji, waliipitia. Katika karne ya 15, Rogier van der Weyden alipochora kuzaliwa kwa Yesu, alikiweka kibanda cha kihori katika jengo lililobomoka, ishara ya zama za kale zinazopisha mpya. Lakini kuta zile zilikuwa za makanisa makongwe ya Ulaya kwao. Karne iliyofuata macho yaligeukia Roma. Jan Gossaert alifunga safari ya kwenda huko mwaka 1508, na Mholanzi Maarten van Heemskerck akaenda mwaka 1532, akajaza karatasi zake kwa nguzo na matao yaliyovunjika. Mwaka 1551 Hieronymus Cock alichapisha mjini Antwerp picha za magofu ya Roma. Tangu hapo hata asiyewahi kuvuka milima ya Alps angeweza kupachika gofu la Kirumi juu ya jabali lolote alilobuni.

Aliyenifurahisha zaidi ni Pieter Bruegel. Mnara wake wa Babeli wa mwaka 1563 una matao ya Colosseum, ilhali bandari iliyo chini yake yaikumbusha Antwerp yenye biashara. Gofu la wenzake alilifanya kioo cha mji wake. Kuazima kwa namna hiyo sikulaumu. Ninacholaumu ni msonobari usiomwambia mtoto neno.

Sisi Waswahili tunaye bingwa wa magofu, ingawa alitumia kalamu badala ya brashi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliitazama Pate iliyoporomoka. Vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vya kaure akaviona vimekuwa viota vya ndege, na popo wamerithi majumba ya matajiri. Tunawafunza wanafunzi urari wa vina na mizani ya utenzi huo, kisha twasahau kuwaambia kwamba ni picha. Kwa nini mwalimu wa fasihi na mwalimu wa sanaa wasiingie darasa moja siku moja, utenzi ukasomwa na vidaka vikachorwa?

Hayamkini mtu wa Kajiado atajibu kwamba Pate iko mbali, na kwamba huku kwetu hakuna magofu ila machimbo ya mawe na maghorofa ambayo hayajaezekwa. Jina Ongata Rongai ni la Kimaasai, maana yake uwanda mwembamba, na wafugaji wa nyanda hizi walijenga kwa fito na samadi. Boma likihamwa, kuta huyeyuka. Lakini samadi hubaki ardhini, na mahali pale huota nyasi nzuri kuliko za jirani. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika kaunti jirani ya Narok: mahame ya wafugaji yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700 yangali na rutuba, na wanyama wa porini huyafuata kwa malisho. Hilo ni gofu la aina yake, duara la kijani kibichi katikati ya uwanda uliokauka. Mchoraji wa Antwerp asingelibuni.

Na barabara ile ile ya Magadi inayokata Rongai ndiyo iteremkayo hadi Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940. Mashoka ya mawe, yaliyochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, yamelala pale pale yalipofukuliwa, na mgeni huyatazama kutoka juu ya daraja la mbao. Wanafunzi wapelekwe huko na penseli zao, wakae juu ya daraja hilo asubuhi, kabla jua halijawa kali.