Usiutupe Mfupa: Supu ya Maharagwe kwa Mabaki ya Paja la Nguruwe

Sikukuu imekwisha na wageni wamekwenda zao. Lile paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi limeliwa, na sasa, mama, umebaki na mfupa wenye vipande vya nyama vilivyoushikilia. Watu wengi humtupia mbwa. Usifanye hivyo. Mfupa huo pamoja na vikombe viwili vya maharagwe makavu watosha kuwapa watu sita chakula cha jioni.

Wasiokula nguruwe wasiache kusoma. Mfupa wa ng'ombe au wa mbuzi hufanya kazi ile ile, ila hauna chumvi wala harufu ya moshi.

Kazi huanza usiku uliotangulia. Rosecoco, ambayo sokoni wengine huita Nyayo, huiva laini na kufanya supu nzito; Canadian Wonder na Mwitemania yafaa pia. Lakini umri wa maharagwe ni jambo kubwa kuliko aina yake. Yaliyokaa ghalani muda mrefu penye joto na unyevu hukataa kuiva, hata ukimaliza mzigo wa kuni. Basi ukinunua, muulize mwuzaji ni ya mavuno gani. Yachambue, yaoshe, kisha yaloweke kwa maji mengi hadi asubuhi. Maji hayo yamwage. Usione huruma, maana ukiyapikia tumbo hujaa gesi.

Mfupa nao uloweke peke yake katika chombo kingine ili chumvi ipungue. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau jambo hili, tena nikatia chumvi kijiko kizima kama nilivyozoea. Hakuna aliyemaliza bakuli lake siku ile.

Sasa yafuata jambo lisilo na mzaha. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu, na hata machache yasiyoiva yaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima. Sumu hiyo huondolewa kwa kuchemsha kwa nguvu. Weka maharagwe na mfupa katika sufuria kubwa, tia maji mapya yafunike vyote, na yakianza kutokota yaache yatokote sana kwa dakika 10 kamili au zaidi. Ndipo upunguze moto, ufunike, na kuyaacha yaive polepole mpaka yapondeke kwa vidole. Mwenye kikapu cha kutunzia joto aweza kuitia sufuria humo aokoe kuni, lakini baada ya kuchemsha kwa nguvu, si kabla. Joto dogo peke yake haliondoi sumu.

Najua wako akina mama watakaotaka kutia magadi ili maharagwe yaive upesi. Ni kweli yataiva upesi, lakini magadi huharibu vitamini B1. Kuloweka ni bora, na hakuna gharama.

Maharagwe yakilainika, toa mfupa, ubanduе nyama yote na kuirudisha sufuriani, na uangalie vipande vidogo vya mfupa visiingie katika chakula cha watoto. Tia kitunguu, karoti mbili na viazi vitatu vilivyokatwa. Nyanya zije mwisho, kwa kuwa ukali wake huyafanya maharagwe yakawie kuiva. Ponda upawa mmoja wa maharagwe na kuukoroga ndani ili supu iwe nzito. Dakika tano kabla ya kuepua, tia sukuma wiki au managu. Onja kwanza, ndipo uamue kama chumvi yahitajika. Mara nyingi haihitajiki.

Pakua supu hiyo pamoja na ugali. Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini gramu 20 au zaidi, na kile kinachopungua katika mahindi hupatikana katika maharagwe, na kinachopungua katika maharagwe hupatikana katika mahindi. Waliotangulia kupika githeri hawakukosea. Mtoto aliyeachishwa ziwa mpondee vizuri, wala usimpe maji ya supu peke yake ukadhani amekula. Chai nayo ingoje kama saa moja, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe.

Supu isilale katika sufuria karibu na jiko lenye joto. Asiye na friji apike ya kutosha siku ile tu. Mwenye friji aigawe katika vyombo vipana ipoe upesi, aiweke kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake aichemshe mpaka itokote.

Limebaki neno kwa bwana mwenye zizi. Mfupa uliokwisha pikwa, na yale maji ulimolowekwa, visifike kwa nguruwe wako. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921, haimdhuru mtu, lakini huweza kumaliza zizi zima na haina dawa ya kuitibu. Virusi vyake huweza kuishi kwa miezi katika nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa kwa moshi, nawe huwezi kujua nyama ya dukani ilitoka zizi gani. Chimba shimo lenye kina ambacho mbwa hawawezi kufukua, mwaga maji hayo humo, tupa mfupa, ufukie, kisha uoshe mikono na sabuni kabla ya kwenda kulisha.