Chanjo, Shule na Dini: Nani Asamehewe?



Mwezi uliopita tulikuwa tumemaliza kuhesabu akiba ya kikundi kimoja cha akina mama, wengine wakaanza kurudi nyumbani. Nyanya mmoja alitushika mkono tubaki nyuma. Akatoa simu, akatuonyesha ujumbe wa binti yake anayeishi Minnesota, Marekani. Mjukuu ametimiza miaka mitano na anaanza shule. Shule inataka kuona kadi ya chanjo, lakini binti hataki mtoto adungwe sindano ya ukambi, matumbwitumbwi na rubela. “Mama, niombee barua kwa Padre,” aliandika, “aseme imani yetu haikubali.”

Nyanya akatuuliza maswali mawili. Je, barua kama hiyo Padre anaweza kuiandika? Na hata kama anaweza, je, ni vizuri?

Tumeona heri tuyajibu hapa. Siku hizi karibu kila kijiji kina mtoto wake ng’ambo, na maneno ya huko hutufikia kwa simu kabla chai haijapoa. Tena hata hapa kwetu wako wanaouliza yayo hayo.

SHERIA HII ILITOKA WAPI?

Huko Marekani kila jimbo lina sheria yake ya chanjo kwa watoto wa shule. Jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia, mwaka 1855, kwa ajili ya ugonjwa wa ndui. Kufikia mwaka 1980 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Watu hawakukubali kimya kimya. Mchungaji mmoja wa mji wa Cambridge, Massachusetts, Henning Jacobson, alikataa chanjo ya ndui akatozwa faini ya dola 5. Alipeleka kesi mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1905 akashindwa. Majaji walisema kwamba uhuru wa mtu mmoja una mpaka pale unapohatarisha afya ya wengi. Lakini tuangalie vizuri: majaji hao hao walionyesha pia kwamba sheria isitumike kumdunga mtu ambaye chanjo yenyewe ingemdhuru mwili. Mwaka 1944 mahakama hiyo ilisema tena, katika kesi nyingine, kwamba haki ya mzazi kufuata dini yake haimpi ruhusa ya kumtia mtoto wake, au jirani, katika hatari ya ugonjwa wa kuambukiza.

RUHUSA ZA KUTOCHANJWA NI ZA AINA NGAPI?

Ziko tatu.

1. Ruhusa ya daktari. Hii iko katika majimbo yote. Daktari anaandika kwamba mtoto huyu, kwa sababu ya hali ya mwili wake, asipewe chanjo fulani.

2. Ruhusa ya dini. Mzazi anasema imani yake inakataza. Majimbo mengi yanayo. Waumini wa kanisa la Christian Science, wanaotegemea sala badala ya dawa, walikuwa miongoni mwa walioiombea sana wabunge miaka ya 1960 na 1970.

3. Ruhusa ya dhamiri. Mzazi anasema hakubaliani na chanjo, hata kama si kwa ajili ya dini. Majimbo machache ndiyo yanayokubali hii.

Sheria hizi hubadilika. California ilifuta ruhusa zote isipokuwa ya daktari mwaka 2015, baada ya ukambi kuenea kutoka uwanja wa michezo wa Disneyland. New York na Maine zilifuta mwaka 2019, na Connecticut mwaka 2021. Mississippi ikaenda upande mwingine: ilikaa zaidi ya miaka 40 bila ruhusa ya dini, lakini mwaka 2023 mahakama ikaiamuru ianze kuitoa.

Na Minnesota, anakokaa binti wa nyanya wetu? Huko mzazi huandika mwenyewe kwamba hachanji kwa sababu ya dhamiri, akatia sahihi mbele ya afisa wa viapo. Basi. Barua ya Padre haitakiwi hata kidogo! Nyanya aliposikia hivyo alicheka, kisha akanyamaza. Akasema, “Kumbe anataka Padre ambebee mzigo.”

KANISA LETU LINASEMAJE?

Wako Wakatoliki waliosikia ati chanjo ni dhambi. Neno hili lina mzizi wake, na si vizuri kulicheka. Chanjo ya rubela hukuzwa katika chembechembe zilizotokana na mimba zilizotolewa miaka ya 1960. Mkristo anayeheshimu uhai wa mtoto aliye tumboni lazima aulize.

Roma iliulizwa, ikajibu. Mwaka 2005 Taasisi ya Kipapa ya Uhai ilieleza kwamba mahali pasipo na chanjo nyingine, wazazi wanaweza kuitumia hii ili kulinda watoto wao na jamii, huku wakidai zitengenezwe nyingine zisizo na doa hilo. Tukumbuke rubela ni ugonjwa gani: ukimpata mama mjamzito miezi ya kwanza, unaweza kuharibu mimba, au mtoto akazaliwa kiziwi, kipofu au na moyo mbovu. Chanjo hii inalinda walio tumboni.

Desemba 2020, wakati wa Korona, ofisi ya Vatikani inayolinda mafundisho ya imani ilisema mambo mawili pamoja. Kwanza, ni halali kutumia chanjo za namna hiyo. Pili, kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa kulazimishwa. Lakini anayekataa kwa dhamiri ana wajibu wa kujitahidi asiwaambukize wengine, hasa wale wasioweza kuchanjwa kwa sababu ya ugonjwa.

Kwa hiyo Padre hawezi kuandika kwamba imani yetu inakataza. Angekuwa anasema uongo.

KWA NINI RUHUSA YA DAKTARI NI YA MUHIMU?

Chanjo ya ukambi ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtoto mzima wa mwili haina shida. Lakini mtoto anayetibiwa saratani ya damu, au mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, hawezi kupewa. Vivyo hivyo mtoto aliyepata mzio mkali sana alipodungwa mara ya kwanza, na mama mjamzito.

Mafua madogo si sababu. Kuharisha kidogo si sababu. Utapiamlo si sababu. Mtoto aliyekonda ndiye ukambi humuua upesi. Na mtoto mwenye virusi vya Ukimwi asifichwe nyumbani: wengi wao huchanjwa, tena mapema, ila mhudumu wa afya ndiye anayepima na kuamua.

Sasa huyo mtoto wa saratani atalindwa na nani? Na wenzake darasani. Ukambi huambukiza kuliko karibu magonjwa yote. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili usienee, watoto 95 kati ya 100 wawe na kinga. Zile nafasi 5 zilizobaki si nyingi. Tukizijaza na watoto wazima kwa sababu ya uvumi, tunawanyang’anya wale wasio na njia nyingine.

WOGA ULIOVAA KANZU YA DINI

Tulimwomba nyanya ampigie binti amuulize shida hasa ni nini. Haikuwa dini. Mtoto wa jirani yake ana usonji, na watu walimwambia sindano ndiyo iliyoleta.

Uvumi huo ulitokana na makala ya daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, kuhusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na yeye akaondolewa katika orodha ya madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000. Waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Minnesota yenyewe imeonja uchungu wa uvumi huo. Ndugu zetu Wasomali walioko huko walitishwa nao, na wengi wakaacha chanjo ya ukambi. Mwaka 2017 ukambi ukaingia. Watu zaidi ya 70 wakaugua, wengi wao watoto wa jamii hiyo, na karibu wote hawakuwa wamechanjwa. Uislamu haukukataza, maimamu walisaidia kuwahimiza wazazi. Na mwaka 2025, huko Texas, zaidi ya watu 760 waliugua ukambi na watoto wawili wa shule wakafa. Hawakuwa wamechanjwa.

NA HAPA KWETU?

Kenya mtoto hupewa chanjo ya ukambi na rubela akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Katiba yetu ya 2010 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 32, na katika kifungu cha 53 inasema mtoto ana haki ya huduma ya afya, na kwamba faida ya mtoto ndiyo inayotangulia.

Sisi Wakatoliki tunakumbuka pia mwaka 2014, maaskofu wetu walipotilia shaka chanjo ya pepopunda, na mwaka 2015 ile ya polio, wakataka zipimwe. Serikali na Shirika la Afya Duniani walisema ni salama. Fundisho tunalolipata ni kwamba kuuliza si kosa. Serikali ijibu watu kwa heshima, nasi tukijibiwa tusikilize. Jirani mwenye swali tusimwite mjinga. Tumketishe, tumpe chai, twende naye kliniki.

Padre hakuandika ile barua. Alimpigia yule binti simu, akamsikiliza karibu saa nzima. Hadi tunaandika haya binti ameweka siku ya kuonana na daktari wa mtoto, na maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Bado hajaamua. Nyanya anasali, nasi tunasali naye.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni sababu gani zinazofanya wazazi wengine waache chanjo? Zipi ni za dini, zipi ni za woga, na zipi ni za umbali au nauli?

2. Je, tunamjua mtoto asiyeweza kuchanjwa kwa sababu ya ugonjwa? Sisi majirani tumfanyie nini?

3. Kila mwanakikundi aje mkutano ujao na kijitabu cha kliniki cha mtoto wake. Tutaangalia pamoja ni sindano gani iliyorukwa, kisha tupange siku ya kwenda.