Ndege Poa Haijengwi na Kitu Moja

Manze, wasee wa ndege za rimoti, wacheni kukosana ju ya fomubodi na balsa. Changanyeni! Ndege poa ni mbogi: kila material inapewa job yenye inaiweza.

Cheki bawa. Ndege ikiwa hewani, upande wa chini unavutwa, wa juu unafinywa, na mzigo mob unakaa penye bawa linashikana na bodi. Fomubodi pekee ikikatiwa kona kali inajikunja. Pitisha bomba ya kaboni faiba ndani, ama vijiti vya mishikaki kama ganji haijaingia na ndege ni ndogo. Lakini usimwage kaboni kila mahali. Uzito wake ni ka mara 10 ya balsa ya saizi hiyo hiyo, na inaziba signal ya 2.4 GHz, so antena ya risiva ikae mbali nayo.

Mkia upee balsa ama fomu, ju gramu chache huko nyuma zitakulazimisha kuongeza uzito kwa pua. Pua nayo, penye mota inatetemeka, inataka plaiwudi. Skrubu hazishiki fomu.

Ngori iko penye material mbili zinapatana. Supa gluu ya kawaida inakula polistirini ya fomubodi: unatonesha tone moja, unaona shimo likizama, na bomba yako inabaki ikicheza ndani. Kaboni na fomu zipee epoksi, na ujaribu kwa kipande kwanza. Gluu ya moto inashika chap, lakini ndege ikikaa kwa jua inalegea.

Pia, bomba ikiishia ghafla katikati ya bawa, fomu itavunjikia hapo hapo. Ipeleke mbali, ugumu uishe pole pole.

Hii form ya kuchanganya material ni ya kitambo. Mwaka wa 1940 Waingereza walirusha de Havilland Mosquito, ndege ya vita. Bodi yake ilikuwa balsa katikati, ndani na nje plaiwudi nyembamba ya birch.

Kabla urushe yako, shika ncha za mabawa uinue pole pole. Yakipinda sawa kote, uko rada. Yakifanya kona mahali pamoja, hapo material hazijaelewana. Ongeza selotepu yenye nyuzi, inua tena, ndio uende field.