Shamba la Bahari Lililokosa Chuma

Mkulima akionyeshwa shamba lenye mbolea tele, maji na jua, lakini halioti ipasavyo, hatakosa kuuliza kuna nini. Wataalamu wa bahari walijiuliza swali hilo kwa miaka mingi juu ya Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika.

Kwanza tuelewane juu ya mimea yenyewe. Siyo mwani unaoanikwa ufukweni. Ni mimea midogo mno, haionekani kwa macho matupu, nayo huelea karibu na uso wa maji. Lakini ndiyo malisho ya bahari nzima. Huliwa na krili, viumbe mfano wa uduvi, na krili nao huliwa na pengwini, sili na nyangumi. Tena mimea hiyo huvuta kaboni dayoksaidi, hewa inayoongeza joto duniani. Ikifa na kuzama kilindini, huzama na kaboni yake.

Mimea hii hutaka mwanga, na hutaka naitreti na fosfeti, kama mahindi shambani. Huko kusini maji ya kilindini hupanda na kuzileta kwa wingi. Wakati wa baridi kuna giza, hilo linaeleweka. Lakini hata kiangazi, jua linapokawia sana kutua, naitreti nyingi hubaki bila kutumika.

Kinachokosekana ni chuma. Mmea huhitaji chembe tu, lakini bila chembe hiyo hauwezi kuutumia mwanga wala naitreti sawasawa. Ni kama mpishi mwenye unga, maji na kuni, asiye na kiberiti. Chuma hakikai majini: kikikutana na oksijeni hushika kutu, kikazama. Bahari nyingine huletewa kingine na mito na vumbi la majangwa. Bahari hii iko mbali na vyote viwili. Karibu na visiwa vya Kerguelen na South Georgia, ambako chuma hutoka ardhini, maji hugeuka kijani. (Ncha ya Kaskazini mambo ni mengine. Huko, sehemu nyingi, naitreti ndiyo huisha, kwa sababu maji mepesi ya mito na barafu iliyoyeyuka hutanda juu kama kifuniko.)

Mmarekani John Martin ndiye aliyeishikilia hoja ya chuma. Mwaka 1988 alitania kwamba nusu shehena ya meli ingetosha kuirudisha dunia katika enzi ya barafu. Alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya jaribio la kwanza baharini. Mwaka 1999 chuma kilimwagwa katika Bahari ya Kusini yenyewe, na doa la mimea likaonekana kwa setilaiti wiki kadhaa baadaye.

Hapo wafanyabiashara wakanusa fedha: tumwage chuma, kaboni izame, tulipwe. Jambo hilo si jepesi hivyo. Katika jaribio la mwaka 2004, nusu au zaidi ya mimea iliyoota ilizama kupita mita 1,000. Mwaka 2009 Wahindi na Wajerumani walirudia kwa tani kadhaa za chuma, na mimea ikaliwa na vijidudu vya baharini. Kaboni iliyozama ilikuwa kidogo. Mahali pale palikosa pia silika, ambayo mimea yenye magamba magumu haiwezi kuota bila hiyo. Nchi za Mkataba wa London zilikuwa zimekubaliana mwaka 2008 kwamba umwagaji huo usifanywe ila kwa utafiti, na kwa maoni yangu zilifanya vyema.

Maana bahari ilikuwa na wakulima wake. Nyangumi hula krili, kisha hunya karibu na uso wa maji, na samadi hiyo ina chuma mara mamilioni kuliko maji yenyewe. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi wapatao milioni mbili kusini mwa ikweta. Wengi walitarajia kwamba, mlaji akiondoka, krili wangejaa tele. Haikuwa hivyo. Wataalamu kadhaa sasa wanaona kwamba kuondoka kwa nyangumi kuliondoa na mbolea.

Tangu uvuvi wa kibiashara ulipositishwa mwaka 1986, nyangumi wenye nundu wameongezeka sana. Baadhi yao ndio wanaoonekana Watamu na Zanzibar kati ya Julai na Septemba, wakija kuzaa, wakiishi kwa mafuta ya krili waliowala kule kusini.